Skuli za msingi kwanza? Na walimu watatoka wapi?

Kila ikitajwa nchi iliyotoka vitani, hapakosi wa kusema: wajenge skuli za msingi kwanza, chuo kikuu kitasubiri. Wiki hii nimeyasikia tena hapa mjini Unguja, kutoka kwa mtu mwenye sauti katika bajeti za elimu. Nimechoka kuyajibu barazani, kwa hiyo nayaandika.

Skuli ya msingi inataka mwalimu. Mwalimu huyo kapita sekondari, akasomeshwa na wenye digrii, kisha chuo cha ualimu, ambako wakufunzi wake nao wametoka chuo kikuu. Ukikata juu, chini utabaki na kuta, mabati na watoto waliojaa, na mbele yao kijana aliyeishia darasa la saba.

Fikra hii ina asili. Miaka ya 1980 na 1990 Benki ya Dunia ilishikilia kwamba fedha ya elimu ya msingi huirudishia jamii faida kubwa kuliko ya chuo kikuu. Hesabu hiyo iliegemea mno mishahara ya waliosoma. Hakimu, mhandisi wa maji na anayewafunza walimu hawamo ndani yake kwa thamani yao ya kweli. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki hiyo hiyo pamoja na UNESCO liliita hoja hiyo finyu na yenye kupotosha. Robo karne imepita, bado tunaimbiwa.

Tizameni Somalia. Chuo kikuu cha taifa, Mogadishu, kilianguka na dola mwaka 1991, kikafunguliwa tena 2014. Watu wa Borama, mji wa Somaliland, eneo la kaskazini lililojitangaza kujitenga na Somalia, hawakungoja. Mwaka 1998 walianzisha Chuo Kikuu cha Amoud katika majengo ya skuli ya sekondari ya zamani, kwa michango ya wenyeji na jamaa zao walio ng'ambo, na ualimu ukawa miongoni mwa fani za mwanzo.

Hapa sasa wananiudhi wenzangu wa upande wangu, wanaodai kwamba Amoud ndiyo iliyoleta amani. Tarehe zinakataa. Wazee wa koo walikutana Borama hiyo hiyo mwaka 1993, wakakaa miezi kadhaa hadi wakakubaliana juu ya usalama na muundo wa serikali. Chuo kimekuja miaka mitano baadaye. Amani ilitangulia. Chuo kimewapa vijana sababu ya kubaki na kimewapa maskuli walimu. Hayo ni makubwa, hayahitaji kutiwa chumvi.

Wala usomi si kinga. Butare, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, mwaka 1994 wahadhiri na wanafunzi Watutsi waliuawa, na wenzao wa chuoni hapo hapo walishiriki. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waasisi wa redio ya RTLM iliyochochea mauaji, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo hicho. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha kwa kesi za mauaji hayo ilimtia hatiani mwaka 2003. Chuo kilipofunguliwa tena 1995, kupata madawati lilikuwa jambo dogo. Kubwa ni nani aaminiwe kusimama tena darasani, na asomeshe nini. Maskulini, somo la historia ya Rwanda lilisimamishwa kwa miaka, na mtaala mpya ulihitaji wanahistoria wa kuuandika. Hao nao huandaliwa wapi kama si chuoni?

Linalonitia shaka ni jengine. Vyuo vya binafsi vimezagaa Mogadishu na Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, na vingi vinapenda biashara na kompyuta, kwa kuwa kozi hizo hazidai maabara ghali. Kijana akitoka na digrii katika nchi isiyo na ajira, sina hakika kama tumempoza au tumempa hasira mpya. Wataalamu tunalikwepa swali hili tukiwa mbele ya wafadhili. Mimi ningeanza na ualimu, uuguzi, sheria na maji, na nafasi zigawiwe mikoa yote, hata kama chuo kitakua polepole. Anayeona nakosea aanze kwa kunieleza walimu wa hizo skuli za msingi atawatoa wapi.