Chui Mweusi Alitoka Lowndes, Hakutoka Oakland

Kila inapotajwa historia ya Wamarekani weusi, hakosi mtu wa kuniambia kwa uhakika kwamba Chui Mweusi (Black Panther), jina na nembo ya chama cha Wamarekani weusi, alizaliwa Oakland, California, mwezi Oktoba 1966, mikononi mwa vijana waliovaa makoti ya ngozi na kubeba bunduki. Wiki hii nimeikuta tena kauli hiyo katika muhtasari wa somo ulioandikwa na mwalimu ninayemheshimu, na sioni sababu ya kuendelea kuinyamazia. Ni kweli kwamba Huey Newton na Bobby Seale walianzisha chama chao Oakland. Lakini jina na picha ya chui walivipata kwa wakulima wa pamba wa Alabama, ambao tayari walikuwa wakiitumia picha hiyo kutafuta mambo ambayo wanafunzi wetu hawaambiwi kabisa: cheo cha sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti), cheo cha mkadiriaji wa kodi, na viti vya bodi ya elimu katika kaunti moja ya mashambani.

Kaunti hiyo ni Lowndes. Iko kati ya Selma na Montgomery, makao yake ni mji mdogo wa Hayneville, na sehemu kubwa ya njia ya wale walioandamana kwa miguu mwezi Machi 1965 kudai haki ya kupiga kura ilipita ndani ya mipaka yake. Imo katika Ukanda Mweusi, ulioitwa hivyo kwa sababu ya udongo wake na baadaye kwa sababu ya watu waliolimishwa udongo huo wakiwa watumwa. Mwaka 1960 ilikuwa na wakazi wapatao 15,000, wanne kati ya kila watano wakiwa weusi. Mwanzoni mwa 1965 hakukuwa na hata mmoja wao katika daftari la wapiga kura, ilhali majina ya wazungu yaliyoandikishwa yalizidi idadi ya wazungu wote wa kaunti wenye umri wa kupiga kura. Ardhi ilikuwa mikononi mwa familia chache, na wengi wa waliobaki walilima kwa mgawo wa mazao, wakiishi katika nyumba za mwenye shamba na kununua kwa mkopo katika duka lake.

Mtu asiniambie kwamba watu hawa walikuwa wamelala hadi vijana wa mjini walipokuja kuwaamsha. Mwaka 1935 wachumaji pamba wa Lowndes waligoma, na baadhi yao wakauawa. Mwaka 1947 mfanyabiashara mweusi Elmore Bolling aliuawa kwa risasi karibu na Lowndesboro, na wanaoifahamu kaunti hiyo wanajua kwamba kosa lake lilikuwa kufanikiwa. John Hulett, aliyekuja kuwa kiongozi wa yote ninayoyaeleza hapa, alikuwa amefanya kazi Birmingham, akajifunza mambo ya vyama vya wafanyakazi na harakati za haki za raia, kisha akarudi nyumbani. Yeye na wenzake walikwishakwenda kudai kuandikishwa kabla Stokely Carmichael na wenzake wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za raia, hawajaweka kambi Lowndes. Carmichael alifika kaunti iliyokuwa tayari na watu wa kufanya nao kazi, na huo ndio utaratibu sahihi wa kuisimulia habari hii.

Mauaji ya mwaka 1965 yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitayapitia kwa haraka. Viola Liuzzo, mama mzungu kutoka Detroit aliyekuja kuwasaidia waandamanaji, alipigwa risasi na watu wa Ku Klux Klan, kundi la kigaidi la wazungu wabaguzi, katika barabara kuu namba 80 usiku wa tarehe 25 Machi 1965. Jonathan Daniels, mwanafunzi wa seminari ya Kanisa la Kiepiskopali, aliuawa Hayneville tarehe 20 Agosti alipomkinga msichana mweusi, Ruby Sales, na muuaji wake akaachiwa huru na juri, yaani jopo la wananchi wanaoamua kesi, ya wanaume weupe watupu.

Hapo kwenye juri ndipo ninapoomba msomaji atulie. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya utaratibu wa kuchagua juri wa Lowndes ilikwisha mwezi Februari 1966 kwa hukumu ya mahakama ya shirikisho kwamba kuwatenga weusi kunavunja katiba, na kwamba kuwatenga wanawake, wa rangi yoyote, kunavunja katiba vilevile. Pauli Murray alikuwa miongoni mwa mawakili walioijenga hoja hiyo. Haki ya wanawake kukaa katika juri ilitetewa kwa ushindi katika kaunti ambayo watu wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani, na bado vitabu vingi vya utangulizi huipita bila hata mstari mmoja.

Sasa niingie katika lile linaloniudhi zaidi, yaani picha yenyewe. Watu husoma meno na makucha ya yule chui kama tangazo la vita. Kwa kweli aliwekwa pale na sheria ya uchaguzi. Alabama ilitaka kila chama kiwe na alama kwenye karatasi ya kura, ili hata asiyejua kusoma aweze kukitambua. Alama ya chama cha Democratic cha jimbo ilikuwa jogoo mweupe, na hadi Januari 1966 juu ya jogoo huyo yaliandikwa maneno ya kutangaza ukuu wa wazungu. Maneno yalipofutwa, jogoo alibaki. Wanachama wa Jumuiya ya Uhuru ya Kaunti ya Lowndes, na hilo ndilo jina halisi la chama chao, walihitaji alama, na chui waliyemchukua alikuwa nembo ya chuo cha watu weusi cha Clark, mjini Atlanta. Hulett alieleza kwamba chui akisukumwa hurudi nyuma, tena na tena, hadi anapokosa pa kwenda, ndipo hutoka kupigania uhai wake. Jina la Chama cha Chui Mweusi walipewa na waandishi wa habari, na Carmichael mwenyewe alilalamika kwamba hakuna mwandishi aliyewaita Democratic wa Alabama chama cha jogoo mweupe.

Je, bunduki hazikuwapo? Zilikuwapo, na ninawalaumu waandishi wanaozificha ili hadithi ionekane safi. Mkulima wa Lowndes alikuwa na bunduki nyumbani kwake kama alivyokuwa nayo baba yake. Wapangaji waliofukuzwa mashambani kwa kosa la kujiandikisha walipopigiwa mahema kando ya barabara namba 80 mwezi Desemba 1965, mahema hayo yalirushiwa risasi usiku, na waliokaa humo walilinda watoto wao kwa silaha. Hapo hakuna mgongano kati ya bunduki na karatasi ya kura. Watu walewale walilinda usiku na kuhesabu kura mchana.

Kwa nini basi wasijiunge tu na Democratic, kama viongozi mashuhuri weusi walivyowasihi? Chama hicho kilikwisha kupandisha ada ya kugombea vyeo vya kaunti kutoka dola 50 hadi dola 500, kiasi kilichomzidi mno mtu anayelima kwa mgawo. Jack Minnis, mtafiti wa SNCC, aligundua katika sheria za jimbo kwamba wakazi wa kaunti wangeweza kuunda chama chao wenyewe, mradi wateue wagombea katika mkutano wa hadhara siku ileile ya mchujo wa wagombea wa vyama vingine, na kwamba wakipata asilimia 20 ya kura wangetambuliwa kikamilifu. Tarehe 3 Mei 1966 watu wapatao 900 walikutana kwenye kanisa la Baptist la Hayneville na kuteua wagombea saba, wanaume na wanawake.

Kabla ya hapo walifundishana kazi ya kila cheo. Courtland Cox na Jennifer Lawson walishiriki kuandaa vijitabu vya michoro vilivyoeleza sherifu anaweza kumfanyia nini mwananchi, na mkadiriaji wa kodi anaamuaje thamani ya shamba. Cox huyohuyo ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika (Pan-African Congress) lililofanyika Dar es Salaam mwaka 1974, jambo ambalo wasomaji wangu wa Tanzania wanastahili kulijua. Alice Moore, aliyegombea ukadiriaji wa kodi, alisema waziwazi kwamba atawatoza matajiri ili maskini wale.

Tarehe 8 Novemba 1966 wote saba walishindwa. Wenye mashamba walisomba wafanyakazi wao hadi vituoni wakiwa wameelekezwa namna ya kupiga kura. Lakini asilimia 20 ilivukwa, na mwaka 1970 Hulett, akigombea kupitia chama kipya cha jimbo ambacho jumuiya yao ilikuwa imejiunga nacho, alichaguliwa kuwa sherifu. Alishika cheo hicho kwa zaidi ya miaka 20.

Nikiri kwamba sijawahi kuridhika na namna tunavyoupima ushindi huo. Kipigo cha polisi ambacho kila familia ilikiogopa kilikoma kuwa kazi ya ofisi ya sherifu, na hilo si dogo. Hata hivyo msomaji wa Kenya asiifikirie kaunti hii kuwa na gavana na bunge lake. Katiba ya Alabama ya 1901, ambayo rais wa mkutano ulioiandika alitamka kwamba lengo lake ni kuimarisha ukuu wa wazungu kisheria, iliacha mamlaka makubwa juu ya kodi na mambo ya kaunti mikononi mwa bunge la jimbo, lililoko Montgomery. Toleo lililoidhinishwa na wapiga kura mwaka 2022 liliondoa lugha ya ubaguzi, lakini mpangilio huo wa mamlaka ulibaki. Ardhi nayo haikupigiwa kura.

Matokeo yake yanaonekana nyuma ya nyumba, kwenye maji taka. Udongo ule mzito haunyonyi maji, mtambo wa maji taka unaoufaa unaweza kugharimu dola 15,000 au zaidi, na kwa miaka mingi kaya zisizoweza kuulipia zilitishiwa mashtaka ya jinai. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia Lowndes, aliifanya habari hiyo ijulikane duniani. Mwezi Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani, ikitumia Sheria ya Haki za Raia ya 1964, ilifikia makubaliano na idara ya afya ya jimbo kusitisha adhabu hizo na kuanza kurekebisha hali. Mwezi Aprili 2025 wizara hiyohiyo, chini ya utawala mpya, iliyavunja makubaliano kwa madai kwamba yalihusu haki ya mazingira na sera za ujumuishi. Idara ya afya ya Alabama ilisema itaendelea kufunga mitambo hadi fedha zilizotengwa zitakapokwisha.