Viwanda vya Marekani, 1865 hadi 1920: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukisoma jinsi Marekani ilivyogeuka kuwa nchi ya viwanda, utapewa majina manne: Carnegie na chuma, Rockefeller na mafuta, Edison na umeme, Ford na magari. Watu hao walikuwepo na kazi zao zinajulikana. Ila waliosimama mbele ya mashine wamesahaulika, na mahali pao tumeweka hadithi ambazo hazikutokea, au zilitokea kwa namna nyingine kabisa. Nimechagua zile ninazozisikia mara kwa mara, kwa sababu zinatufundisha vibaya habari ya kazi na haki.

"Mambo yale hayakutuhusu sisi wa pwani"

Yalituhusu mapema sana. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinatia nanga Unguja zikiwa zimesheheni merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Misafara iliibeba mpaka bara, na njiani ilitumika kama fedha. Ilifumwa katika viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, vingi vikiendeshwa na mikono ya wasichana waliotoka mashambani. Wale wa mji wa Lowell walifanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku, wakagoma mwaka 1834 na tena 1836. Pamba yenyewe ilitoka majimbo ya kusini mwa Marekani, ilikochumwa na watumwa.

Meli hazikurudi tupu. Zilichukua sandarusi ya kutengenezea vanishi, na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia vijiji viwili vya Connecticut, Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonye vya piano. Vipande hivyo vilianikwa juani kwa wiki nyingi ndani ya vibanda virefu vya vioo mpaka viwe vyeupe. Anayesema utajiri wa viwanda vile ulizaliwa na kukulia Marekani peke yake hajaziangalia meli.

"Wahamiaji walikwenda jumla, wasirudi tena, na majina yao yakabadilishwa Ellis Island"

Kituo cha Ellis Island, katika bandari ya New York, kilifunguliwa mwaka 1892, na watu wapatao milioni 12 walipita hapo kabla hakijafungwa mwaka 1954. Makarani wake hawakuwa wakiwabunia watu majina. Walishika orodha ya abiria iliyoandikwa na kampuni ya meli katika bandari ya kuondokea, wakahakikisha kwamba aliyesimama mbele yao ndiye aliyeandikwa, na wakalimani walikuwepo. Wengi waliobadili majina walibadili wenyewe baadaye, kwa ajili ya kazi au ili watoto wasichekwe shuleni. Waliokataliwa wakarudishwa walikuwa kama 2 katika kila 100.

Kuhusu kwenda jumla, wengi hawakuwa na nia hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, karibu nusu ya Waitaliano waliovuka bahari walirudi kwao. Kijana alikwenda kuchimba mtaro wa reli au kubeba matofali, akatuma fedha kijijini, akanunua shamba, akarudi. Mwenye ndugu Muscat, Doha au Minneapolis hahitaji kuelezwa zaidi.

Na wale wanaosema mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu wawakumbuke Wachina. Maelfu yao walipasua miamba ya milima ya Sierra Nevada kuipitisha reli iliyounganisha mashariki na magharibi, ikakamilika tarehe 10 Mei 1869. Miaka 13 baadaye, mwaka 1882, likapitishwa katazo la vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hizo zilidumu mpaka 1943.

"Ford aliongeza mshahara ili wafanyakazi wake wanunue magari"

Hii inapendwa mno kwenye semina za biashara. Januari 1914 Henry Ford alitangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati kabla ya hapo watu wake walipata chini ya dola 2.50 kwa saa 9. Sababu ilikuwa humo humo kiwandani. Mwaka uliotangulia, katika kiwanda cha Highland Park, gari lilianza kuunganishwa huku linasogea mbele ya wafanyakazi, kila mmoja mahali pake, na jambo lake moja tu. Mfano ulitoka kwenye machinjio ya Chicago, ambako ng'ombe alining'inizwa kwenye kulabu akapitishwa kwa mkataji mmoja baada ya mwingine mpaka ikabaki mifupa. Muda wa kuunganisha gari ulishuka kutoka saa zaidi ya 12 hadi saa moja na nusu hivi.

Kwa kampuni ilikuwa neema, lakini kwa mtu anayekaza nati ile ile kutwa ilikuwa adhabu, na watu wakawa wanaondoka bila hata kuaga. Mwaka 1913 kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili ibaki na 14,000 hivi. Kila anayeondoka anaacha nafasi ya kufundishwa mwingine upya. Dola 5 zilikuwa dawa ya ugonjwa huo. Piga hesabu mwenyewe: kiwanda kinachotoa magari zaidi ya 200,000 kwa mwaka kingenufaika vipi kwa kuwauzia watu 14,000?

Tena si wote waliozipata. Karibu nusu ya fedha hizo iliitwa mgawo wa faida, nao ulikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walibisha hodi majumbani: unakunywa pombe? Unaweka akiba? Nyumba safi? Umepangisha watu vyumbani? Wanawake mwanzoni hawakuhesabiwa. Wahamiaji walipelekwa kwenye shule ya Kiingereza ya kampuni, na siku ya mahafali walipanda jukwaani wamevaa mavazi ya kwao, wakaingia ndani ya chungu kikubwa cha maigizo, wakatokea upande wa pili wamevaa suti na bendera ndogo za Marekani mikononi. Mimi naona sherehe ile inaonyesha kilichokuwa kikinunuliwa kwa dola 5 kuliko hotuba yoyote ya Ford.

"Watu walikufa viwandani kwa sababu majengo yalikuwa mabovu"

Hapa naomba tukae kidogo.

Jumamosi tarehe 25 Machi 1911, saa 11 kasoro dakika 20 jioni, moto ulishika vipande vya vitambaa vilivyokusanywa chini ya meza ya kukatia nguo, ghorofa ya 8 ya jengo la Asch, New York. Kiwanda cha Triangle kilishona blauzi za wanawake katika ghorofa ya 8, 9 na 10. Wengi wa washonaji walikuwa wasichana wa Kiyahudi na Kiitaliano, wahamiaji, wadogo kabisa wakiwa na miaka 14. Muda haukufika saa nzima, walikuwa wamekufa watu 146.

Jengo lilikuwa na umri wa miaka 10 tu na lilisifiwa kwamba halishiki moto. Kweli halikuanguka. Lipo mpaka leo, linatumiwa na chuo kikuu. Walioangamia ni watu, na waliangamizwa na maamuzi ya watu. Ghorofa ya 8 walipiga simu ghorofa ya 10, wenye kiwanda wakapanda paani wakapona. Ghorofa ya 9 hawakuarifiwa. Mlango mmoja wa ngazi pale ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa jioni wafanyakazi walitolewa kwa mlango wa pili ili mikoba yao ipekuliwe, asije mtu akatoka na kipande cha kitambaa. Ngazi ya chuma ya nje ililemewa, ikapinda, ikaanguka na waliokuwa juu yake. Waendesha lifti walipanda na kushuka mpaka lifti zikashindwa. Zimamoto walifika upesi, lakini ngazi zao ziliishia ghorofa ya 6. Zaidi ya watu 50 waliruka au walianguka kutoka juu, umati ukiwatazama.

Wasichana hawa hawakuwa wamekaa kimya. Mwaka 1909 washonaji wa blauzi wa New York, wapatao 20,000, waligoma majira ya baridi, wakipigwa na kukamatwa barabarani. Waajiri wengi walikubaliana nao, lakini Triangle ilikataa kukitambua chama chao. Baada ya moto, wenye kiwanda walishtakiwa na Desemba 1911 wakaachiwa huru. Mwaka 1914 walikubali kulipa dola 75 kwa kila marehemu wa familia zilizowadai.

Katika ule umati alikuwepo mwanamke mmoja, Frances Perkins. Alishiriki katika uchunguzi wa viwanda ulioanzishwa na jimbo la New York, ambao ulizaa sheria zaidi ya 30: milango isifungwe watu wakiwa ndani, mazoezi ya kuokoka moto, vinyunyizio vya maji darini, na kikomo cha saa za kazi za wanawake na watoto.

"Mei Mosi ililetwa na Warusi"

Tunaiadhimisha Tanzania na Kenya kila mwaka, na bado wengi wanaamini hivyo. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma kwa maelfu wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8, Chicago ikiongoza. Tarehe 4 Mei, kwenye mkutano wa Haymarket mjini humo, mtu ambaye hajajulikana mpaka leo aliwarushia polisi bomu, nao wakafyatua risasi. Polisi 7 na raia kadhaa walikufa. Watu 8 walitiwa hatiani bila ushahidi kwamba ni wao waliolirusha, na 4 wakanyongwa mwaka 1887. Mmoja alijiua gerezani. Mwaka 1893 gavana John Peter Altgeld aliwasamehe watatu waliobaki, akisema wazi kwamba kesi haikuwa ya haki. Mkutano wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889 ndio ulioifanya tarehe 1 Mei kuwa siku ya wafanyakazi wa dunia. Serikali ya Marekani ilichagua Septemba.

Saa 8 zenyewe zilichelewa mno. Katika chuma, zamu ya saa 12 ilidumu hadi 1923. Sensa ya mwaka 1900 ilikuta watoto zaidi ya milioni 1.7 wa miaka 10 hadi 15 wakifanya kazi. Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuilia ajira mwaka 1916, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta 1918. Sheria iliyosimama ilikuja 1938. Iliweka kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa, ikapunguza saa za kazi hatua kwa hatua hadi 40 kwa wiki, ikapiga marufuku ajira nyingi za watoto. Waziri wa kazi aliyeipigania alikuwa Frances Perkins.