Hela ya Kwanza Iende Kwenye Tairi

Juzi jioni kijana mmoja alikuja kijiweni kwangu akisukuma baiskeli, tairi zote mbili zimelala. Alikuwa anatoka Ntyuka, hapa hapa Dodoma. Nikachomoa tyubu ya nyuma, nikaijaza upepo, nikaizamisha kwenye beseni. Mapovu yakatoka sehemu saba. Nahesabu matundu, yeye ananiuliza: "Fundi, ukinifungia shokapu ya hewa si itakuwa moto?" Nikamwambia, mdogo wangu, tumalize kwanza habari ya miiba.

Baiskeli yake ni hadteli, yaani baiskeli ya mlima yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu kavu. Kwa Dodoma ndiyo ninayomshauri kila mtu anayetaka kupita njia za ng'ombe na majabali. Mvua zetu zikikatika Aprili, mpaka Novemba au Desemba ardhi inasagika kuwa unga, na unga huo unakula kila kiungio. Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma ina beringi nyingi za kuliwa, na kuzipata hapa ni kazi. Hadteli haina mambo hayo.

Nyingi zinazonifikia ni za mtumba, magurudumu ya inchi 26, fremu nzima kabisa. Mwenyewe akishaipenda, anaanza kuwaza cha kuongeza, na karibu wote wanaanzia mahali pasipofaa.

Anzia tairi. Za mtumba mara nyingi ni nyembamba, inchi 1.95 hivi, mpira umeshakakamaa. Weka 2.25, au 2.35 kama fremu inaruhusu. Pima nafasi kati ya tairi na fremu: kidole kidogo kipite bila kubanwa. Tairi pana unaiendesha na upepo mdogo, kwa hiyo inalikumbatia jiwe badala ya kulidundia, na kwenye kichanga cha korongo inapita juu pale nyembamba inapozama. Kwenye hadteli, shokapu yako ya nyuma ni hiyo tairi.

Halafu miiba. Mgunga una miiba ya aina mbili kwenye tawi moja: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda kama ndoana. Lakini inayonipa wateja wengi ni mbigili. Wakati wa mvua inatambaa kando ya njia na vimaua vyake vya njano, hakuna anayeijali. Ikikauka inaacha vijimbegu vyenye pembe, na vyovyote vitakavyoanguka, pembe moja itatazama juu inakusubiri.

Dawa ninayoiamini ni kuondoa tyubu kabisa, ilimradi ringi na tairi ziwe za aina inayokubali. Ringi naisafisha kwa spiriti, nabandika utepe wake juu ya matundu ya spoku, naweka valvu, kisha namimina maji ya mpira ya kuziba pancha, mililita 80 hadi 100 kila tairi. Hapo pampu ya mkono haitoshi, nakimbilia kompresa. Upepo unaingia kwa nguvu, kingo za tairi zinapanda kwenye ringi: pa! pa! Sauti hiyo naipenda mno. Nalizungusha gurudumu, nalilaza ubavu huu dakika chache, kisha ule. Mwiba ukiingia, maji yanachuruzika kidogo, yanaganda, unaendelea na safari. Joto letu linayakausha mapema, kwa hiyo nafungua kukagua kila baada ya miezi miwili. Upepo, kwa mtu wa kilo 70, naanzia PSI 22 mbele na 25 nyuma, kisha tunarekebisha akishaiendesha.

Ringi isipokubali, fanya kama wazee wa baiskeli za Phoenix: chukua tairi kuukuu, kata kingo zake uzitupe, chonga pembe zake ziwe laini, ivalishe kati ya tairi na tyubu. Ni nzito, lakini inafika Hombolo na kurudi.

Breki sina mengi. Kama fremu ina masikio ya kufungia diski, funga breki za diski. Kama haina, usikubali mtu akuchomelee. Moto unaidhoofisha aluminiamu. Waya mpya na mipira mipya ya breki vinatosha.

Cheni ipime kwa rula. Pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ziwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ukingoja ifike 1/8, itakuwa imeshaharibu na meno ya nyuma. Na tafadhali, oili ya injini acha. Inakamata vumbi, inageuka msasa. Tone moja la oili ya cheni kila kiungio, kisha futa nje pakauke.

Sasa shokapu. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga ya milimita 140, yaani inayoweza kubonyea kiasi hicho, kwenye fremu iliyoundwa kwa 100. Mbele ikanyanyuka, na kwenye mwinuko gurudumu likawa linaelea, usukani unayumba. Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza mbele ya baiskeli kwa nyuzi moja hivi, na shingo ya fremu inabeba mzigo isioandaliwa. Niliiuza kwa hasara. Kabla ya kununua nyingine, fungua uliyonayo, isafishe, badilisha oili na sili. Nyingi zinazoitwa mbovu zimejaa uchafu tu. Kama ni ya hewa, kaa juu ya baiskeli uone inabonyea kiasi gani: ya milimita 100 ishuke 20 hadi 25.

Yule kijana aliondoka na viraka saba nyuma na vinne mbele. Anarudi Jumamosi. Nimemwekea pembeni jozi ya 2.25, fremu yake nimeshaipima, kidole kinapita.