“Serikali ifunge kodi kama Ulaya”: ninayoambiwa kila siku kuhusu bei za nyumba

Kazi yangu ni kukadiria thamani ya nyumba na viwanja hapa Arusha, na wateja wengi hunifikia wakiwa wameshakasirika. Mwenye nyumba kapandisha kodi, au benki imesema nyumba ya Moshono haifikii mkopo anaoutaka. Kabla sijatoa futi mfukoni, nishasikia: “Sisi tumelala. Wenzetu Ulaya kodi imefungwa kisheria, mwenye nyumba hagusi hata senti, ndiyo maana nyumba ni rahisi.” Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara nne. Ya nne nilikuwa juu ya ngazi kule Sakina nikikagua paa la nyumba ambayo mpangaji wake alitaka kuinunua. Nilishuka.

Kwanza, sisi wenyewe tulikuwa nayo. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ya kuisimamia. Ilifutwa 2005. Kwenye vyumba vya Unga Limited na Ngarenaro, ambako watu walipangishana kwa mdomo, nani angekwenda kupima kodi halali ni ipi?

Sasa Ulaya yenyewe. Berlin ilifunga kodi mwaka 2020, ikazirudisha kwenye kiwango cha Juni 2019. Nyumba zilizojengwa kuanzia 2014 hazikuguswa. Aliyekuwa ndani tayari alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini matangazo ya nyumba za zamani za kupanga yalipungua sana, na zile mpya zilizoachwa nje ya sheria zikaendelea kupanda. Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaitupa sheria hiyo kwa kuwa jiji halikuwa na mamlaka ya kuitunga, na wapangaji wengi wakadaiwa ile tofauti waliyokuwa hawalipi. Stockholm kodi hupangwa kwa mazungumzo kati ya vyama vya wapangaji na wenye nyumba, ni nafuu kweli, ila unajiandikisha kwenye foleni, na ukitaka katikati ya jiji unaweza kusubiri zaidi ya miaka 10. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Singida wiki iliyopita atalala wapi hiyo miaka 10?

Mfano ninaoupenda zaidi uko Mumbai. Sheria ya 1947 ilizibana kodi kwenye viwango vya 1940. Miaka ikaenda, rupia yao ikapungua thamani, kodi ikabaki palepale. Wenye nyumba wakaacha kukarabati, na hadi leo majengo ya aina hiyo huanguka msimu wa mvua. Watu hawakuacha kulipana, walihamishia malipo pembeni: ukitaka kuingia unatoa fungu zito la fedha mkononi, linaloitwa pagdi. Maana ya neno hilo ni kilemba. Ndiyo, kilemba kilekile ambacho kila aliyewahi kutafuta fremu ya biashara mjini anakijua. Bahari nzima iko kati yetu, na jina ni lilelile.

Hapo mteja mjanja huniambia: “Na Vienna je?” Vienna ni swali zuri. Ni kweli huko kodi zilibanwa tangu Vita Kuu ya Kwanza, na kubanwa huko kulishusha faida ya kujenga na bei ya ardhi. Lakini jiji halikuishia hapo. Lilinunua ile ardhi iliyoshuka, mwaka 1923 likaanzisha ushuru wa ujenzi uliowabana zaidi wenye majumba ya kifahari, na hadi 1934 lilikuwa limejenga nyumba zaidi ya 60,000. Leo linamiliki takribani 220,000. Sasa mtu anasimulia ile sehemu ya kubana bei na kuiruka ya kujenga kwa miaka mia, halafu anataka matokeo ya zote mbili.

“Singapore serikali iligawa nyumba bure.” Hapana. Shirika lao la nyumba lilianza 1960, na karibu wakazi wanane kati ya kumi wanaishi kwenye maghorofa yake, wengi kwa kununua, kwa hati ya miaka 99. Tangu 1968 wanaruhusiwa kulipia kwa akiba ya lazima inayokatwa kwenye mshahara. Na ili kujenga yote hayo ilibidi ardhi ipatikane: sheria ya 1966 iliipa serikali nguvu ya kutwaa, na kwa miaka mingi fidia ilikuwa chini ya bei ya soko. Nenda kaseme hivyo Machame, Kilimanjaro, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye makaburi ya babu za mtu, halafu rudi unihadithie. Hata suala la makato si jepesi. Kenya wanakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, na Novemba 2023 Mahakama Kuu iliyakataa hadi sheria ikatungwa upya Machi 2024.

“Wageni ndio wanaopandisha bei.” New Zealand iliwazuia wengi wao kununua nyumba tangu 2018, Canada tangu Januari 2023, na nyumba za Auckland na Toronto bado hazishikiki. Kwetu Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Anayekuzidi bei kiwanja cha Olasiti ni Mtanzania mwenzako, mara nyingi anakinunua akiache tu kisubiri barabara. Tangu uwanja wa AFCON uanze kujengwa Olmoti, sijaonyeshwa shamba upande ule ambalo dalali hakusema liko “karibu na uwanja”.

Riba ikishuka, nyumba zitashuka? Mwaka 2020 na 2021 riba zilishuka mno Marekani na Canada, na bei za nyumba zikaruka. Kila mtu alikopeshwa zaidi, wakashindania nyumba zilezile.

Ninachowasisitizia wapangaji ni mkataba wa maandishi unaosema kodi itapanda lini, kwa kiasi gani, na taarifa itolewe miezi mingapi kabla. Yule bwana wa Sakina nilimwomba wake niusome. Kakaa pale miaka saba. Akatoa simu, akanionyesha meseji za miamala.