Nyuzi za aktini zinavyolijenga yai la inzi

Wale inzi wadogo wenye macho mekundu wanaozengea ndizi zilizoiva kupita kiasi, Drosophila melanogaster, asili yao ni kusini mwa Afrika. Leo wamefugwa maabara kwa zaidi ya miaka 100. Sehemu ya mwili wao inayostahili kutazamwa kwa makini ni ovari ya jike, kwa sababu humo protini moja tu, aktini, hufanya kazi zisizofanana kwa kubadili mpangilio wake.

Aktini imo hata katika seli zetu. Molekuli zake huungana kuwa uzi mwembamba wa takribani nanomita 7. Uzi huo ukiwa peke yake hauwezi mengi. Nguvu huja protini nyingine zinapozifunga nyuzi pamoja.

Yai hukua ndani ya kifuko. Seli moja hugawanyika mara 4, zikapatikana 16, ila haziachani kabisa: kati yao hubaki matundu. Moja ndiyo huwa yai. Zile 15 ni seli za ulezi, zinazolitengenezea yai protini, RNA na mahitaji mengine. Ukingo wa kila tundu umeimarishwa kwa pete ya aktini. Katika mgawanyiko wa kawaida wa seli, pete ya namna hii hujikaza hadi seli zikatengana. Hii ya ovari hufanya kinyume, inapanuka mpaka kipenyo cha mikromita 10 hivi.

Ukuaji wa kifuko umegawanywa katika hatua 14, na kishindo kikubwa kiko hatua ya 11. Kwa takribani nusu saa, seli za ulezi humimina ndani ya yai karibu saitoplazimu yake yote, yaani umajimaji unaoijaza seli, na ujazo wa yai huongezeka kama mara mbili. Hatari iko kwenye viini vya seli hizo. Vimenakili DNA mara nyingi bila kugawanyika, vimekuwa vikubwa mno, na mkondo ungevisukuma hadi kwenye matundu. Kwa hiyo muda mfupi kabla ya kumimina, matita ya nyuzi za aktini huota kutoka kwenye utando wa seli kuelekea ndani na kukizuia kiini kisisogee. Jike asiye na protini iitwayo fasini, ambayo hufunga matita hayo, viini vyake huziba matundu. Mayai yake hudumaa, naye huwa tasa.

Ni nini kinachosukuma umajimaji wenyewe? Kwa muda mrefu jibu lililokubalika lilikuwa kwamba seli za ulezi hujiminya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu. Mwanzoni umajimaji hutiririka kwa tofauti ya shinikizo, seli ndogo zikijimwaga katika kubwa, bila kuhitaji msukumo wa miosini, protini inayozivuta nyuzi za aktini. Mawimbi ya kujikunja ya aktini na miosini huja baadaye, kukamua kilichosalia. Binafsi naona hapo ndipo fizikia ilipoisaidia sana biolojia ya seli.

Ndani ya yai lenyewe kuna mpangilio mwingine: wavu mlegevu wa aktini unaochelewesha mzunguko wa kasi wa saitoplazimu. Wavu huo huondoka karibu na wakati wa kumimina, na vilivyoingia huchanganywa.

Nje ya haya yote kuna tabaka la seli za kifuko. Upande wake wa nje, nyuzi za aktini zimelala sambamba, zikikizunguka kifuko kama kibwebwe. Katika hatua za mwanzo seli hizi hutambaa pamoja na kukizungusha kifuko kizima, huku zikitandaza nje yake nyuzi za kolajeni, protini imara, kwa mwelekeo uleule. Kifuko kikibanwa kiunoni hakina budi kurefuka. Jike aliyekosa protini ya Fat2, vifuko vyake havizunguki, na mayai yake hutoka ya mviringo.