Mgonjwa wa VVU anaposema koo halipitishi kitu

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, hata mate yananichoma yakishuka," swali langu la kwanza si chakula. Namwuliza vidonge vyake vya ARV anavimezaje. Wengi huinama kidogo, kisha wanasema ukweli: wiki ya pili sasa hawajavigusa. Kwenye faili ameshaandikwa mtoro wa dawa, kumbe mtu anaogopa maumivu. Hilo huniuma sana.

Kwa mtu ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga ya mwili, zimeshuka chini ya 200, na zaidi chini ya 100, chanzo kikubwa ni fangasi aina ya kandida kwenye umio, ile njia inayoshusha chakula tumboni. Nikimulika mdomo mara nyingi naukuta utando mweupe, ingawa kuna wasio nao kabisa na bado umio umejaa. Simngojeshi endoskopia, kipimo cha kamera. Naanza flukonazoli, dawa ya fangasi, siku hiyohiyo: miligramu 200 kwa siku, pengine 400, kwa siku 14 hadi 21. Nistatini, dawa ya fangasi ya kusukutua, haitoshi, inaishia mdomoni. Kwa mjamzito, au anayetumia rifampisini ya TB, nafikiri upya kabla ya kuandika.

Wiki ikipita bila nafuu, hapo ndipo namtuma akapimwe umio kwa kamera. Huenda ni vidonda vya virusi vya sitomegalo au vya hepesi, ambavyo dawa zake ni nyingine, au ni uvimbe wa saratani ya Kaposi. Nauliza pia kuhusu doksisaiklini, dawa ya bakteria: ukiimeza kwa funda dogo la maji ukalala, inaunguza umio.

Maumivu yenyewe nayatibu tangu siku ya kwanza. Parasetamoli ya maji kwanza. Ikishindwa, mofini ya maji kwa kipimo kidogo. Wapo wenzangu wanaoiona mofini kuwa ya wanaokata roho. Sikubaliani nao. Nusu saa baada ya dawa ya maumivu, mgonjwa anywe uji wa ulezi wa vuguvugu au mtindi, kidogo kidogo. Ndimu, pilipili na chai ya moto vikae kando. Vidonge vya kusaga amwulize mfamasia, maana si vyote vinasagwa.

Kandida ya umio ni hatua ya 4 ya VVU, ile ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kumrudisha kwenye ARV napima TB na antijeni ya kriptokoka, fangasi anayeleta homa ya uti wa mgongo, na namwuliza kama kichwa kinamwuma. Flukonazoli ya koo haitoshi kutibu homa hiyo.