Mto Tana Ukifurika Jua Likiwaka: Bima Hulipa Nini, na Hukataa Nini

Mkazi wa Hola au Garsen anaweza kuamka asubuhi ya jua kali akakuta maji yamefika uani. Mvua haikunyesha kwake. Ilinyesha Mlima Kenya na Aberdare siku kadhaa nyuma. Kabla ya kufika tambarare za Kaunti ya Tana River, mto hupita mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo kubwa kuliko yote. Likiwa na nafasi, hupokea maji ya masika na kuyashikilia. Likijaa, maji yanayoingia hutoka vivyo hivyo, na mabwawa ya chini yake hayana pa kuyaweka. Ndivyo ilivyokuwa 2018, na tena 2024. Kwa hiyo anayeishi bondeni asitazame wingu la kwao peke yake. Afuatilie matangazo ya KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, kuhusu kina cha Masinga. Laga, yaani mikondo inayokauka na kupitisha maji wakati wa mvua tu, ni jambo jingine. Hizo hujaa kwa saa chache kwa mvua ya karibu, bila tangazo lolote.

Mkisikia wataalamu wakitaja “mafuriko ya miaka 100”, msidhani yakija leo basi mmepumzika hadi wajukuu. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano ni asilimia 1, hata kama yalikuja mwaka jana. Katika miaka 30 uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika asilimia 26. Na ya miaka 10, ambayo ndiyo huharibu mashamba ya kingoni, yana uwezekano wa asilimia 41 ndani ya miaka mitano tu.

Hatari ya nyumba yako unaweza kuipima mwenyewe. Tafuta alama ya maji ya 2024 au ya El Niño ya 1997 kwenye ukuta au shina la mwembe, wazee watakuonyesha. Chukua mpira mwembamba wa maji unaopenyesha mwanga, ujaze maji, kisha mmoja ashike ncha moja hadi maji yalingane na alama, na mwingine ashike ya pili nyumbani kwako. Maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Kiputo cha hewa kikibaki ndani ya mpira, kipimo kitadanganya, kwa hiyo ugongegonge mpaka kitoke. Pima kutoka usawa huo hadi sakafuni. Kama nyumba iko mbali, hamisha kipimo kwa hatua, mti hadi mti. Sentimita 40 juu ya sakafu ni habari tofauti kabisa na mita moja na nusu. Kwa ile ya kwanza, kuinua msingi na kuweka magunia juu ya uchaga kunasaidia. Kwa ya pili, nyumba ya udongo haitasimama, na la maana ni kujua njia ya kutoka.

Sasa bima. Mkataba wa moto peke yake haulipi mafuriko. Unahitaji kile kipengele cha majanga ya ziada, na neno “mafuriko” lazima liandikwe humo. Soma pia yanayoachwa nje. Kwa kawaida uzio na vitu vilivyoachwa nje havimo, wala unyevu unaopanda kutoka chini ya ardhi. Mikataba mingine hukataa bidhaa za duka au ghala zilizowekwa chini ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Nyumba ya makuti au udongo huenda ikakataliwa kabisa au ikatozwa zaidi, kwa hiyo usiifiche. Taja ukuta na paa jinsi vilivyo. Ukificha, utalipa ada miaka mitano na dai litaanguka siku ya kwanza.

Kosa linaloumiza watu zaidi ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme kuijenga upya nyumba yako ni shilingi 1,000,000, nawe umeikatia bima ya 600,000. Maji yakiiharibu kwa hasara ya 300,000, hutapata 300,000. Kampuni hulipa kwa uwiano, yaani asilimia 60, ambayo ni 180,000, kisha hukata ile sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe kama ilivyoandikwa kwenye mkataba.

Kwa sheria ya Kenya bima haianzi kabla ada haijalipwa. Maji yakishatangazwa yanakuja, kampuni ina kila sababu ya kukataa. Nunua Januari au Februari kabla ya masika, au Agosti kabla ya vuli.

Kwa wafugaji, tuseme wazi: bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilibuniwa kwa ukame. Hupima ukijani wa malisho. Baada ya mafuriko nyika hukolea kijani, hivyo ng'ombe waliosombwa, au waliokufa kwa homa ya Bonde la Ufa iliyofuata mvua za 1997 na 2006, hawalipwi kwa kipimo hicho. Ya mazao nayo mara nyingi hulipa kwa wastani wa mavuno ya eneo zima. Shamba lako la kingoni likizama lakini majirani wa juu wakavuna vizuri, huenda usipate kitu. Muulize wakala swali hili kabla ya kutoa pesa: hasara inapimwa shambani kwangu, au eneo lote?

Maji yakija, okoa watu kwanza. Kisha piga picha kabla ya kusafisha, alama ya maji ionekane pamoja na kitu cha kulinganisha urefu. Ripoti mara moja kwa maandishi, uhifadhi ujumbe na risiti za M-Pesa. Usitupe vilivyoharibika kabla mpima hasara hajaviona. Kama vinaoza, piga picha na uweke orodha yenye idadi, umri na bei. Barua ya chifu husaidia kuthibitisha tarehe. Sheria ya Bima huipa kampuni siku 90 kulipa dai. Zikipita bila malipo wala sababu, peleka malalamiko kwa maandishi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ukiambatisha nakala ya hati ya bima, ya dai na ya kila barua mliyoandikiana.